Gari la Rimoti kwa Mtoto wa Ploti

Swali: Naishi Nyalenda hapa Kisumu, ndani ya ploti ya nyumba kumi zinazotazamana. Kijana wangu ana miaka 9 na anapenda magari kushinda chakula. Mwaka huu nimemnunulia magari mawili ya rimoti. La kwanza lilizimika baada ya wiki tatu, la pili halikumaliza mwezi. Akikosa la rimoti hujitengenezea ya waya na kuchimba barabara nyuma ya bafu. Kaka yangu anarudi kutoka Dubai mwezi wa Disemba na ameahidi kumletea linalokimbia kilomita 60 kwa saa. Mimi nimeweka kando shilingi 12,000. Likizo huwa tunaenda kwa nyanya yake Maragoli. Ni gari gani litamfaa, lisije likafa tena?

Jibu: Mama, pokea salamu kutoka Nakuru. Kazi yangu ni kutengeneza redio na vyombo vya umeme, na kwa miaka mingi meza yangu haijakosa gari la rimoti lililoletwa na mtoto anayejikaza asilie. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu 12,000 si pesa za kuokota, na mtoto aliyevunjika moyo mara mbili asivunjwe mara ya tatu.

Nianze na hayo mawili yaliyokufa, maana ukijua kilichoyaua, nusu ya jibu umeipata. Chukua moja, ligeuze, legeza skrubu za chini kwa bisibisi ndogo ya nyota. Ndani utakuta bodi moja ya kijani, haizidi ukubwa wa kiberiti. Hiyo ndiyo inayopokea mawimbi ya rimoti, ndiyo inayopeleka umeme kwenye mota ya nyuma, na ndiyo inayogeuza tairi za mbele. Gari likikwama kwenye jiwe na mtoto akaendelea kubonyeza, mota inashindwa kuzunguka, na mota iliyoshikwa isizunguke hula umeme mara nyingi kuliko inayozunguka. Umeme huo unapita kwenye kijidude cheusi kwenye bodi, nacho kinaungua. Isogeze bodi puani, utasikia harufu ya plastiki iliyochomeka. Kilichoungua ni kidogo kama punje ya ndengu, lakini kwa sababu kila kazi imerundikwa kwenye bodi ile ile, gari zima limekwisha. Bodi yenyewe haiuzwi peke yake. Aliyeitengeneza hakutarajia mtu afungue.

Haya mimi huyaita magari ya kutupa. Kuna aina ya pili ambayo huiita magari ya spea, na tofauti yao si bei wala urembo wa ganda la nje. Katika gari la spea kila kiungo kimekaa peke yake: kipokezi cha mawimbi, kidhibiti cha mwendo, mota, betri, na sevo, yaani kile kisanduku kidogo kinachovuta usukani. Kikifa kimoja unakichomoa na kuchomeka kingine. Wajapani wa Tamiya walitoa gari lao la kwanza la rimoti mwaka wa 1976, Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, na tangu mwanzo mnunuzi alipewa sanduku la vipande ajijengee mwenyewe kwa bisibisi. Anayelijenga gari kwa mikono yake anajua kulifungua siku likiharibika. Tabia hiyo ndiyo unayoitafuta kwenye gari la mtoto wako, hata kama hutanunua la Tamiya.

Kwa hiyo gari lolote, liwe la bei gani, likiwa halina spea usilinunue. Hapo sina mjadala.

Sasa tuje kwenye udongo. Wazazi wengi huniuliza kuhusu mwendo, rangi, na kama taa zinawaka. Mimi huuliza litachezewa wapi. Magari yanayofika kwangu hapa Nakuru huuawa na vumbi. Mji huu umekaa chini ya Menengai, na majivu ya volkeno ndiyo udongo wetu. Ukiyasugua kati ya vidole yanakwaruza kama msasa. Nikipokea gari la mtoto wa Kaptembwo, kabla sijalifungua, nalipeleka gurudumu karibu na sikio na kulizungusha polepole. Zima husikii kitu. Lililokula vumbi hutoa mlio mwembamba wa mchanga unaosagwa ndani ya beringi. Hata wale wa Safari Rally, mbio zilizorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, wamewahi kuyafungia magari yao bomba la kuvuta hewa kutoka juu ili yasimeze vumbi la namna hiyo. Mtoto wa Nakuru namshauri gari lililofunikwa vizuri tumboni, lenye beringi zilizozibwa kwa mpira.

Kwenu Nyalenda ni kinyume. Adui wenu ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha unanata, unajaa ndani ya rimu, unazunguka ekseli mpaka gurudumu linakuwa tofali. Jua likiwaka unapasuka nyufa ambazo gurudumu dogo linaingia na kubaki humo. Halafu mnakwenda Maragoli, kwenye udongo mwekundu, miteremko, na yale mawe makubwa yaliyolala kila shamba. Gari moja litakutana na yote hayo.

Hapa inabidi nieleze kipimo, maana ndicho kinachoandikwa kwenye boksi na watu hukipita. Ukiona 1/16, maana yake gari la kweli limepunguzwa mara 16. Pikapu ya mita 4 na nusu inakuwa sentimita 28 hivi, urefu unaokaribia rula ya shule. Kwenye 1/10 inakuwa sentimita 45. Kwenye 1/24 ni kama sentimita 19. Lakini jiwe la uani halipunguzwi. Kokoto ya sentimita 3, ambayo wewe unaikanyaga bila kuiona, kwa gari la 1/16 ni kama ukuta wa karibu nusu mita mbele ya gari la kweli. Kwa gari la 1/24 ni mbaya zaidi. Naamini hayo mawili yako yalikuwa madogo, yenye tumbo lililo karibu na ardhi na tairi laini za plastiki zisizo na meno. Yalitengenezewa sakafu ya vigae.

Kuhusu kilomita 60. Mshukuru kaka yako sana, zawadi ya mjomba haikataliwi. Ila piga hesabu nami. Kilomita 60 kwa saa ni zaidi ya mita 16 kila sekunde. Ua wa ploti yenu ukiwa na mita 20 kutoka geti hadi bafu, gari litaumaliza kwa sekunde moja na kidogo. Mtoto wa miaka 9 hajamaliza hata kufikiri akate kushoto au kulia, na gari limeshafika kwenye jiko la makaa la jirani, au kwenye mguu wa mtoto anayetambaa. Nguvu ya kugonga nayo haiongezeki sambamba na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Nimeona mkono wa mbele unaoshika gurudumu la gari la namna hiyo ukikatika kama kijiti cha kiberiti kwa kugonga ukingo wa kabro, na nimeona kifundo cha mguu cha mtoto kilichochubuka.

Si kwamba magari hayo ni mabaya. WLtoys 144001, kwa mfano, ni gari la 1/14 linalovutwa na magurudumu yote manne, hutangazwa kwa mwendo huo huo wa 60, chesisi yake ni ya chuma, na spea zake ni nyingi. Mpe kijana wa miaka 14 mwenye uwanja mpana wa shule ulio mtupu Jumamosi, atafurahi. Lakini limeinama chini na linataka nafasi. Nyalenda halina pa kupumua.

Kuna jambo kwenye barua yako nililirudia mara kadhaa: kwamba kijana huchimba barabara nyuma ya bafu. Watoto wanaopenda magari si wa aina moja. Wako wanaotaka kushindana. Ukiwapa gari la waya watalikimbiza hadi barabarani na kutafuta wa kupambana naye. Na wako wanaojenga: wanakata kona, wanaweka daraja la kijiti, wanapakia mchanga, wanalipitisha gari polepole huku wanatoa mlio wa injini kwa midomo. Wako ni wa pili. Mtoto kama huyo ukimpa gari la kasi atacheza siku mbili, kisha atarudi kwenye waya wake, nawe utadhani hana shukrani.

Ndiyo sababu jibu langu kwako ni gari la kupanda mawe. Ni pikapu au lori dogo, refu kutoka ardhini, lenye tairi laini za mpira zenye meno marefu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na linalokwenda mwendo wa mtu anayetembea au anayeharakisha kidogo. Gia zake zimepangwa kutoa nguvu badala ya kasi. Kwa mengi ya aina hii difu zimefungwa, yaani gurudumu la kushoto na la kulia huzunguka pamoja wakati wote, kwa hiyo hata moja likining'inia hewani lenzake linaendelea kuvuta. Ukiliweka mbele ya jiwe la ukubwa wa ngumi litalikaribia, litaegemea, tairi la mbele litashika, mwili utainama upande mmoja, ekseli ya nyuma itapinda kufuata, na taratibu litapanda. Kwenye kabro utalisikia likikwaruza tairi kila likikata kona kwa sababu ya difu hiyo iliyofungwa. Usishtuke, ndivyo lilivyo. Kwenye mawe ya Maragoli atacheza kutoka chai ya asubuhi hadi nyanya yake aite watu chakula cha mchana.

Na kwenye ploti, gari la mwendo wa kutembea halimgombanishi mtu na jirani. Hilo mama yeyote aliyeishi kwenye ploti analielewa bila mimi kulieleza.

Kwa pesa zako, kuna magari ya kampuni ya Kichina iitwayo WPL. Mengi yao ni malori na pikapu za 1/16, mojawapo ni C24 lenye sura ya Hilux ya zamani, na huuzwa likiwa limeshaunganishwa au likiwa vipande vya kuunganisha. Yale makubwa ya 1/10 yenye sifa, kama TRX-4 ya Traxxas wa Marekani au SCX10 ya Axial, ni mazuri ajabu lakini bei zao ziko mbali sana na bajeti yako, na sioni sababu ya mtoto wa miaka 9 kuanzia huko. Pia utasikia kuna magari ya injini ya mafuta. Hayo hutumia mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, yanapiga kelele na kutoa moshi. Yaache.

Usitumie 12,000 zote kununua gari. Weka la 8,000 hivi kuwa mwisho, na zinazobaki zinunue betri ya pili, seti moja ya gia, sevo moja, na propela za akiba, yaani zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli. Nunua siku ile ile unayonunua gari. Mtoto akivunja gia mwezi wa Februari na spea ikalazimika kuagizwa kutoka China, wiki kadhaa atakuwa analitazama tu gari lake juu ya kabati. Ukiamua kuagiza mwenyewe, muulize muuzaji jumla kamili pamoja na usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujatuma pesa, maana bei ya kwenye picha mara nyingi si bei ya mlangoni.

Ukiwa dukani, omba betri itiwe, gari lipandishwe juu ya kikopo au kitabu ili magurudumu yaelee, kisha shika rimoti wewe mwenyewe. Zungusha usukani pole pole sana. Tairi za mbele zikifuata pole pole, nusu kwa nusu, robo kwa robo, hilo ni gari. Zikiruka ghafla hadi mwisho wa kushoto au mwisho wa kulia, bila katikati, lirudishe hata likiwa limepakwa dhahabu. Fanya vivyo hivyo kwa kidude cha mwendo: bonyeza kidogo tu, gari lizunguke kidogo tu. Jaribio hili linachukua nusu dakika na linatenga gari la kutupa na gari la spea kuliko maneno yoyote ya muuzaji. Kwa mtoto anayejifunza ni jambo kubwa, kwa sababu bila hilo mkono wake haujifunzi kitu. Gari linakuwa swichi ya taa yenye magurudumu.

Kisha lisukume chini kwa kiganja. Linatakiwa kuzama kwenye springi na kurudi taratibu. Likiruka kama mpira, shokapu zake ni springi tupu bila oili ndani. Si kosa la kukataa gari kwa bei hii, ila ujue. Tazama chini: unaona skrubu, au vipande vimegandishwa kwa gundi? Muulize anayeuza, "Gia ya gari hili ikivunjika nitaipata wapi, na inaitwaje?" Akikwambia gia zake hazivunjiki, muage kwa heshima. Gia zote huvunjika.

Kama wanakuruhusu, tazama pia sevo. Sevo ya kawaida ina nyaya tatu, na ukiikosa ya kiwanda hicho unaweza kuweka ya kiwanda kingine yenye ukubwa na nguvu zinazolingana. Baadhi ya magari ya bei ya chini huja na sevo ya nyaya tano, ambayo ubongo wake umehamishiwa kwenye bodi kuu; hiyo inakufunga kwenye spea ya gari hilo hilo peke yake. Nyaya tatu ni uhuru. Wapenzi wa mchezo huu huanza kuhesabu nyaya kabla hawajauliza bei.

Rimoti iwe ya gigahatsi 2.4. Zile za zamani za megahatsi 27 au 49 zilikuwa na shida ya kuingiliana: watoto wawili wa ploti moja wakiwa na masafa yanayofanana, rimoti ya mmoja inaendesha gari la mwingine, na ugomvi hauishi. Za sasa kila rimoti huunganishwa na gari lake peke yake.

Mota iwe ya brashi, yaani yenye vipande vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme. Utaambiwa ile isiyo na brashi ni bora, na kwa mbio ni kweli: ina nguvu zaidi na haichakai haraka. Lakini gari la kupanda mawe linataka kuanza polepole bila kutetemeka, na mota ya brashi hufanya hivyo vizuri kwa bei ndogo. Ikichakaa, na itachakaa, ni nyaya mbili tu za kulehemu. Fundi yeyote wa simu pale mjini Kisumu ataifanya hiyo kazi ukisubiri.

Betri nitakaa nayo kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ya kweli. Mwaka mmoja niliacha betri ya lithiamu, ya ganda laini inayoitwa lipo, ikichaji juu ya meza ya mbao nikatoka kwenda kula. Niliporudi ilikuwa imefura kama andazi, na ya moto hata sikuweza kuishika. Nilichomoa waya, nikaiburuta kwa koleo hadi nje na kuitia kwenye karai la mchanga. Haikulipuka. Lakini moto wa lithiamu ukishaanza haukungoji, na tangu siku ile sichaji kitu bila mtu kuwepo chumbani.

Kwa mtoto wako chagua gari linalokuja na betri ya nikeli, zile NiMH, au lithiamu zenye ganda gumu la chuma, seli za mviringo zinazofanana na za tochi. Iache lipo mpaka awe mkubwa. Hata hizo zina masharti yake. Betri ikitoka kwenye gari ni ya moto. Iache ipoe ndipo uichaji. Chaji mchana, watu wakiwa macho, juu ya kigae au saruji, si juu ya kitanda. Na swichi ya gari izimwe baada ya mchezo, betri itolewe. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 3 na kukaa hivyo siku kadhaa inaweza kuharibika, na kipokezi kilichoachwa kikiwaka usiku kucha kinaweza kuishusha hadi huko. Betri nyingi zinazoletwa kwangu kama "feki" ziliuawa na swichi iliyosahauliwa.

Soma namba iliyoandikwa mAh, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Betri ya 1500 mAh ikivutwa ampea 6 inaisha kwa dakika 15. Gari la polepole huvuta kidogo, kwa hiyo mchezo unarefuka. Chaja ya USB inayotoa ampea nusu itaijaza betri hiyo kwa zaidi ya saa tatu. Ukizingatia stima zinavyopotea, ndiyo maana nimesisitiza betri ya pili. Gari linalotumia betri za AA sita kila wikendi litakula pesa zako polepole mpaka uchoke nalo, liepuke.

Kaka yako sasa. Mpigie kabla hajanunua. Mwambie kijana anataka la kupanda mawe, lenye sevo ya nyaya tatu, na aongeze spea za aina ile ile. Chaja ya Dubai itaingia kwenye soketi yenu bila shida, plagi zao ni hizi hizi za pini tatu za mraba. Betri za akiba asizitie kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Masharti ya usafiri yanataka betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya chombo zibebwe mkononi, na ncha zake zizibwe kwa utepe. Kama ameshalinunua lile la kilomita 60, msimvunje moyo. Rimoti nyingi za magari hayo zina kitufe cha kupunguza mwendo hadi nusu. Kiwekwe hapo, gari litunzwe, na litoke siku mjomba akiwepo, kwenye uwanja mtupu. Ploti iwe na lake.

Gari likirudi na matope meusi, hamu itakuwa ni kulitia kwenye ndoo. Msilitie. Maandishi ya kuzuia maji kwenye boksi mara nyingi humaanisha mnyunyizo, si kuogelea, na hata pale umeme ulipozibwa, beringi na gia hazijazibwa. Liacheni kivulini hadi udongo ukauke wenyewe, kisha mswaki mkuukuu. Udongo wa Nyalenda ukikauka hubanduka vipande vizima, rahisi kuliko vumbi letu la hapa. Baada ya mwezi mfungue sanduku la gia pamoja, mpanguse grisi chafu na kupaka mpya, kiasi cha kupaka jino tu.

Gia mkizirudisha, kuna jambo mojawapo nililofundishwa nami nikiwa kijana. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa, sukuma mota hadi gia zibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana meno meno bila kuchanika, nafasi ni sawa. Ikichanika mmebana mno. Ikitoka laini, gia zitarukana na kujila. Mwache afanye yeye, nawe ushike tochi.

Yale mawili yaliyokufa usiyatupe. Bodi ndiyo iliyoungua. Mota ya nyuma mara nyingi ni nzima. Ichomoe, igusishe betri mbili za AA zilizopangwa kwa mfululizo, na kama inazunguka, una mota ya bure. Gari lake la waya lina ekseli ya nyuma. Aifunge mota kwa mpira wa ndani wa baiskeli karibu na ekseli hiyo, avalishe raba bendi kutoka kwenye shina la mota hadi kwenye kigurudumu alichokichonga kutoka kwenye ndala. Mara ya kwanza raba bendi itateleza. Asogeze mota nyuma kidogo, ikaze, ajaribu tena.